Mlango wa Shamte na Kivuli Kisichohama

Hapo zamani, enzi ambazo hata sultani alikokota kiti chake mwenyewe kulikimbia jua, palikuwa na mji uitwao Shungwi, na mji huo ulikuwa na desturi ambayo ungeisimulia kwingine ungechekwa. Mtu yeyote aliyefika pale kutafuta kazi, awe mwashi, awe seremala, awe mfinyanzi, alisimamishwa langoni, na kabla hajaulizwa jina lake wala kupewa maji ya kunywa, aliulizwa hivi: "Mwavuli au mlango?"

Basi siku moja, jua likiwa kali, akatokea mtu mmoja amejitwika mlango kichwani. Simzulii jambo, alikuwa na mlango mzima wa mninga, miimo yake, kizingiti chake na komeo lake la chuma, na shingo ya mtu yule ilikuwa imezama mabegani kwa uzito. Nyuma yake alikuja mkewe, anatembea pole pole na mkono kiunoni, kwa kuwa mimba yake ilikuwa imekwisha fika mahali pa kuhesabu siku. Yule mume akiitwa Shamte, na mkewe Mwanakheri. Kazi za Shamte zilikuwa nyingi na hapana hata moja iliyomtajirisha: alipaka chokaa, aliezeka, alichimba visima, na aghalabu alichekesha watu, kazi ambayo watu huipenda sana na hawailipi. Mto ulifurika kijijini kwao ukaichukua nyumba yao na kila kilichokuwamo, ikabaki mlango tu, umekwama kwenye mkwaju. Mlango ule ulichongwa na marehemu baba yake Mwanakheri, naye Mwanakheri akasema hawaachii mamba kazi ya mikono ya baba yake. Ikawa ndiyo sababu Shamte akatembea safari ile yote kama nyumba iliyoota miguu.

"Mwavuli au mlango?" akauliza mlinzi wa lango, mtu mmoja akiitwa Feruzi, aliyekwisha kuuliza swali lile mara nyingi hata akiota alilitamka.

Shamte akasema kutoka chini ya mzigo wake, "Bwana mkubwa, naona kama jibu limekwisha kunikalia kichwani. Lakini nifahamishe kwanza, nisije nikajibu nisilolijua."

Feruzi akashusha pumzi, akamweleza. "Ukiingia kwa mwavuli, wewe ni mtu wa Bwana Zahran. Yeye atakutafutia kazi, atakusemea mbele ya Sultani, atapokea ujira wako kisha atakupa. Kazi ikiharibika, yeye mwenyewe ndiye anayejibu. Wewe ni kufanya kazi na kulala. Ukiingia kwa mlango, huna wa kukusemea. Utasimamisha mlango wako mjini, kazi italetwa mlangoni, ujira utaletwa mlangoni, na lawama nazo zitaletwa mlangoni. Lakini sheria ya tangu babu yake Sultani ni hii: kazi iliyopokewa na mlango, mlango ndio unaojibu. Wadai watachukua kilichomo mlangoni, ila mwenye mlango hakamatwi kanzu wala haguswi mwili."

"Na asiye na mwavuli wala mlango?"

"Huyo halali Shungwi," akasema Feruzi. "Jua likitua anatolewa nje ya lango, yeye na wake."

Shamte akamtazama mkewe, na mkewe akatazama njia walikotoka, na wote wawili walijua kwamba Mwanakheri asingeweza kurudi hata hatua za kufika kwenye ule mkwaju.

Wakiwa bado wanatazamana, mara ukatokea mwavuli. Nasema mwavuli kwa kuwa ndio uliotangulia kuonekana, mwekundu, mpana kama hema, una vishada vya hariri pande zote, na chini yake akawa anakuja Bwana Zahran, mtu mnene mwenye sauti laini. Mwavuli aliushika mwenyewe, wala hakumpa mtumishi. Desturi ilikuwa kwamba anayeushika mpini ndiye mwenye mwavuli, na Bwana Zahran aliupata kwa kuupokea kutoka mkononi mwa ami yake siku ami yake alipougua. Tangu siku hiyo hakumwachia mtu. Alikula nao, akaoga nao, na wakeze walikuwa wamekwisha zoea.

"Karibuni, karibuni wanangu," akasema. "Poleni na safari. Ewe fundi, utue huo mzigo. Mlango ni taabu tupu. Leo utajibu hili, kesho utajibu lile, na huyu mama na hali yake! Ingia kwangu. Mzigo wako wote ni mzigo wangu. Kazi yako ni kazi yangu, na ikiharibika ni mimi ndiye ninayejibu, si wewe."

"Ahsante sana, Bwana," akasema Shamte. "Na huo wema wako unauchukulia nini?"

"Kidogo tu. Katika ujira wako nitachukua sehemu ya kivuli. Kisha sehemu ya kitambaa, maana kinachakaa. Kisha sehemu ya mpini, maana hakuna aushikaye ila mimi. Na siku za mvua, sehemu ya matone."

"Na mimi nitabakiwa na nini?"

"Utabakiwa na amani ya moyo," akasema Bwana Zahran.

Mwanakheri, ambaye miguu ilikuwa inamwuma na hakuwa na subira ya maneno ya hariri, akamwambia mumewe kwa sauti iliyosikika mpaka upande wa pili wa lango, "Mume wangu, huyu atatukata mpaka sehemu ya pumzi. Twende na mlango wetu."

Basi wakaenda na mlango wao. Wakauzunguka mji mpaka wakapata kipande cha ardhi kilicho wazi, kinachotazamana na kiwanja cha Sultani, na Shamte akachimba mashimo, akausimamisha mlango na miimo yake, akaufunga kwa komeo. Nyuma ya mlango hakukuwa na ukuta wala paa, palikuwa na mkeka mmoja na chungu kimoja na Mwanakheri. Feruzi alipopita jioni alishika kiuno.

"Ewe Shamte, nyumba iko wapi?"

"Wewe uliniuliza mlango, Bwana Feruzi. Hukuniuliza nyumba."

Feruzi akafikiri, akaona ni kweli, akaenda zake.

Kuanzia siku ile mji ukapata mchezo. Mtu akitaka kuonana na Shamte, ilimbidi asimame mbele ya mlango apige hodi, na hali anamwona Shamte kwa pembeni amekaa mkekani anamenya muhogo. Aliyejaribu kupitia kando alikaripiwa na Mwanakheri. "Wewe kwenu hamna adabu? Unaingia nyumba ya watu kwa kupita ukutani?" Na yule mtu mzima na ndevu zake alirudi, akapiga hodi, akangoja, akafunguliwa. Hata mbuzi wa jirani walijifunza kuzunguka kwa mbali. Watu walicheka, na wakicheka walileta kazi: huyu chokaa, yule paa linalovuja. Ujira ukaletwa mlangoni mzima mzima, haukukatwa kivuli wala kitambaa.

Hapo ndipo Bwana Zahran akaanza kukosa usingizi. Mafundi wake walikuwa wakipita kazini asubuhi wanautazama ule mlango kwa macho ya kutamani, na mmoja alisikika akiuliza bei ya mbao. Basi Bwana Zahran akaukunjua mwavuli wake akaenda kwa Sultani Madi.

Sultani Madi hakuwa mtu mbaya, na mimi siwezi kumsema vibaya kwa kuwa aliteswa kweli. Sheria ya wazee wake ilimkataza kusikiliza mashauri ndani ya kasri, kwa sababu wanyonge huogopa kuingia mahali penye mazulia. Ilimlazimu akae nje kiwanjani, na kiwanja kile hakikuwa na kivuli ila cha mnara wa kasri, nacho kilikuwa kinahama. Sultani angekaa vizuri, mashauri yangepamba moto, mara jua lingemfika gotini, kisha tumboni, naye angeinuka akasukuma kiti, na wadai na wadaiwa wakasogea pamoja naye. Kufikia adhuhuri baraza zima lilikuwa limezunguka nusu ya kiwanja, na hakuna aliyekumbuka kesi ilikuwa ya nani.

Bwana Zahran akamnong'oneza. "Maulana, kuna fundi mgeni mjini, ni mwingi wa maneno. Ana mlango usio na nyumba, na watu wanasema hakuna kazi inayomshinda. Kwa nini usimtake akufanyie kivuli kisichohama? Akiweza, umepumzika. Akishindwa, apigwe bakora na atoke mjini, maana mlango ule unaitia aibu sheria yako."

Sultani, ambaye shingo yake ilikuwa imeungua siku ile, alilipenda neno hilo. Akamwita Shamte.

"Ewe Shamte! Nataka kivuli kisichohama. Nikikaa asubuhi kiwe hapo, na jioni kiwe hapo hapo. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukishindwa, utapigwa bakora mbele ya watu, na jua la Ijumaa halitakutulia ndani ya mji wangu."

 Shamte akamkumbuka Mwanakheri asubuhi ile ameshindwa hata kuinama kupuliza moto. Na alipokosa jibu, desturi yake ilikuwa kuuliza swali.

"Nimesikia, Bwana wangu. Lakini kazi hii unanipa mimi, au unaupa mlango?"

"Mlango, bila shaka. Wewe si mtu wa mlango? Ndiyo sheria ya babu yangu."

"Basi, Maulana, niwie radhi. Mimi sipokei kazi barabarani. Itabidi uende uuambie mlango."

Mawaziri wakashika vinywa. Sultani alitaka kukasirika, kisha akakumbuka kwamba sheria ya babu yake haiwezi kumfunga fundi ikamwacha yeye. Akainuka, akavuka kiwanja na watu wote nyuma yake, akasimama mbele ya mlango wa mninga. Tangu azaliwe hakuwahi kupiga hodi popote, maana milango yote ilikuwa ikifunguka kabla hajafika. Akakohoa. Akagonga kwa pete.

"Hodi," akasema Sultani, na neno lilimtoka kwa shida.

"Nani?" akajibu Mwanakheri kutoka upande wa pili.

"Ni mimi, Sultani."

"Karibu, Bwana wangu, lakini mwenyewe hayupo. Amesimama nyuma yako."

Watu wakaangua kicheko, na Sultani naye tabasamu likamtoroka, akalirudisha haraka. Akauambia mlango kazi yake na adhabu yake, yote mawili, mbele ya mashahidi, akaenda zake akijikuna kidevu.

Ijumaa ikafika kabla Shamte hajapata wazo. Alikuwa ameufikiria mti, na mti kivuli chake kinahama. Ameufikiria ukuta, na ukuta ni vile vile. Amefikiri mpaka chumvi imezidi katika mchuzi. Na asubuhi ya Ijumaa, alipokuwa anafunga shuka kiunoni ili aende, Mwanakheri akamshika mkono akasema, "Shamte, uchungu umeanza. Niitie Bi. Salume." Na Bi. Salume alikuwa mkunga wa mji, mwanamke mwenye mikono mipana na amri nyingi. Akaja, akatazama, akamfukuza Shamte nyumbani mwake. Kisha akawaita wanawake wa mtaa, nao wakaja na mikeka, na makuti, na fito, na shuka zao, kama ilivyo ada ya wanawake mwenzao akipatwa na uchungu. Shamte hakuyaona hayo. Alikuwa anatembea kuelekea kiwanjani.

Sultani alikuwa amekaa, na watu wamejaa. Kivuli cha mnara kilikuwa miguuni pake. Wakangoja kidogo, na kivuli kikaanza kusogea kama siku zote, na jua likamfika Sultani kwenye kidole gumba.

"Kimehama!" akasema Bwana Zahran kwa furaha ya mtu aliyeona mwezi wa Idi.

"Kimehama," akasema Sultani. "Shamte, una neno?"

"Neno langu, Maulana, ni la babu yako. Kazi iliyopokewa na mlango, mlango ndio unaojibu. Bakora ni haki yake, nami sitamzuia mtu."

Sultani akaguna. Akatoa amri, na askari mmoja akavuka kiwanja na bakora yake. Akaupiga mlango kwa nguvu zake zote. Mlango wa mninga ukalia ngo! na bakora ikakatika vipande viwili, na kutoka nyuma yake Bi. Salume akafoka, "Nani huyo anagonga namna hiyo? Hamjui humu mna mgonjwa?" Yule askari akaomba radhi kwa mlango, akarudi mbio.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Sultani alinyanyua mkono. "Mlango umekwisha pigwa," akasema. "Imebaki nusu ya pili ya hukumu, nayo niliutamkia mwenyewe. Jua likitua, mlango utang'olewa na kutolewa nje ya mji. Na wewe, Shamte, ukibaki huna mlango wala mwavuli, sheria unaijua."

Hapo kicheko kilikoma. Mchezo wa Shamte ulikuwa umemfikisha mahali ambapo mkewe angezalia nje ya lango, juu ya mchanga, na usiku unakuja. Macho yakamlengalenga machozi, wala hakuyaficha.

Bwana Zahran akamsogelea kwa ile sauti yake laini. "Mwanangu, si nilikwambia? Bado hujachelewa. Njoo chini ya mwavuli wangu, wewe na mkeo, mbele ya Sultani na watu wote, ili kila fundi aone mwisho wa milango."

Shamte akamtazama Bwana Zahran. Akautazama mwavuli. Akautazama uwanja, akaliona jua, na akakiona kivuli chekundu cha mviringo kilicholala chini ya ule mwavuli. Na kitu fulani kikamkaa kichwani, chepesi kuliko mlango.

"Bwana Zahran," akasema, "nikiingia kwako, mzigo wangu unakuwa wa nani?"

"Wangu! Nilikwambia langoni."

"Na kazi yangu?"

"Kazi yangu."

"Na ikiharibika, nani anajibu?"

"Mimi, mwanangu, mimi mwenyewe. Ndivyo ninavyosema kila siku."

"Mmesikia?" Shamte akawauliza watu. Wakasema wamesikia. Basi akainama, akaingia chini ya mwavuli mwekundu, akasimama wima. "Maulana, sasa mimi ni mtu wa Bwana Zahran. Ile kazi ya kivuli kisichohama ni yake, na hukumu yake ni yake. Na kwa kuwa yeye hana mlango wa kujibu kwa niaba yake, nadhani bakora itampata mwenyewe."

  Sultani Madi akamgeukia Bwana Zahran pole pole.

"Ni kweli, Zahran. Ndiyo sheria. Basi nipatie kivuli kisichohama, la sivyo bakora ziko nyingi na jua likitua unatoka."

"Maulana! Hilo ni jambo lisilowezekana!"

"Lakini wewe ndiye uliyenishauri," akasema Sultani.

"Usihofu, Bwana wangu," akasema Shamte, na safari hii alikuwa na adabu zote za mtumishi. "Mimi si fundi wako? Nitakuelekeza. Wewe shika tu." Akachukua kipande cha mkaa, akamsimamisha Bwana Zahran kando ya kiti cha Sultani, na pale kivuli cha mwavuli kilipomfunika Sultani, akachora duara chini kukizunguka. "Kivuli kisitoke nje ya mstari huu. Jua likienda, wewe nenda. Mwavuli ukihama sawasawa na jua, kivuli hakihami."

Ikawa hivyo. Sultani akakaa, akafungua mashauri, na Bwana Zahran akashika mpini. Jua lilipopanda, Shamte akawa anamwambia, "Kushoto kidogo, Bwana. Inua. Inua tena. Sasa ulaze. La, umemwangazia Maulana sikio." Jasho lilimtoka Bwana Zahran likalowesha kilemba na kanzu. Mkono wa kuume ulipochoka akaweka wa kushoto, na wa kushoto ulipotetemeka akakumbatia mpini kwa yote miwili. Yeye mwenyewe alikuwa juani, maana mwavuli uliolazwa kumkinga Sultani haukuweza kumfunika na yeye, na kwa mara ya kwanza tangu ami yake augue, Bwana Zahran alijua upande wa nje wa mwavuli ulivyo.

"Maulana, niruhusu nimpe mmoja wa mafundi wangu aushike," akasema baada ya adhuhuri, na sauti laini ilikuwa imekauka.

"Mpe," akasema Sultani. "Lakini atakayeushika ndiye mwenye mwavuli."

Bwana Zahran akawatazama mafundi wake, nao wakamtazama. Kisha wote kwa pamoja waliiweka mikono yao nyuma ya migongo. Hakuna aliyeutaka. Walikuwa wameona asubuhi nzima kazi ya kuushika, nao walijua kazi ya kukaa chini yake, wala hakuna hata moja iliyowapendeza.

Jua lilipoanza kuinama upande wa magharibi, Bwana Zahran alisema kwa kilio, "Shamte, mwanangu, niokoe!"

"Mtumishi hamwokoi bwana wake," akajibu Shamte. "Lakini bwana anaweza kumwacha mtumishi. Sema mbele ya Maulana kwamba mimi si mtu wako, wala yeyote katika hawa asiyependa kuwa wako, na kazi hii itarudi ilikotoka."

"Sio wangu!" akalia Bwana Zahran. "Si wewe, si wao, si yeyote! Nendeni mkasimamishe milango mpaka mji ukose kuta!" Akauachia mpini. Mwavuli mwekundu ukaanguka chali, ukalala kama kombe kubwa lililoachwa wazi, na jua likamwangukia Sultani usoni.

"Haya," akasema Sultani, amefumba jicho moja. "Kazi imerudi kwa mlango. Na jua bado halijatua, Shamte. Mlango wako una nini cha kuonyesha?"

Shamte hakuwa na kitu. Nataka mjue hivyo, maana baadaye alijisifu sana. Werevu wake wote aliumaliza kwa Bwana Zahran, hakubakiza hata wa kuvukia kiwanja. Alikuwa anafungua kinywa ili aombe tu, aombe kama mume yeyote, siku moja tu ya ziada, ndipo sauti nyembamba, kali, yenye hasira zake, ikavuka kiwanja kizima. Mtoto alikuwa amelia.

Shamte alikimbia. Sultani naye, kwa udadisi au kwa kulikimbia jua, akamfuata, na umati ukafuata. Wakaukuta mlango wa mninga mahali pake, na nyuma ya mlango, pale palipokuwa na mkeka na chungu, pamesimama chumba. Kilikuwa cha mikeka na fito na shuka za rangi kila namna, na juu kimefunikwa makuti. Wanawake wa mtaa walikijenga asubuhi ile bila kuuliza mwavuli wala mlango.

Sultani akagonga. "Hodi." Safari hii neno lilimtoka vizuri zaidi.

Bi. Salume akafungua upande mmoja, akautia mwili wake wote katika nafasi ile. "Mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Wanaume hawaingii."

"Sitaki kuingia, mama," akasema Sultani, anachungulia kwa mbali kile kiza baridi kilichokuwa nyuma ya bega lake, na upepo wa ubaridi ukamgusa shavu lililoungua. "Nataka kukuuliza tu. Humo ndani, kivuli kimehama tangu asubuhi?"

Bi. Salume akamtazama Sultani kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua. "Kivuli cha ndani, Bwana wangu? Kihame kiende wapi?"

Sultani akasimama. Akamgeukia Shamte, na Shamte, ambaye wazo lile lilikuwa limemfikia wakati mmoja na Sultani, wala si kabla, akainama chini kwa heshima. "Hiyo, Maulana, ndiyo kazi ambayo mlango wangu ulikuwa ukiifanya tangu asubuhi. Sheria inakukataza kusikiliza mashauri ndani ya kasri. Haikukataza kupiga hodi kwa watu."

Sultani Madi akacheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye mwimo wa mlango, na mawaziri wakacheka, na Feruzi langoni, ambaye hakusikia neno, naye akacheka kwa kuwa wengine walicheka. Babu yake na baba yake na yeye mwenyewe walikuwa wamesukuma kiti kuzunguka kiwanja miaka yote ile, kwa kuwa haikuwahi kumjia sultani yeyote akilini kwamba anaweza kuwa mgeni katika nyumba ya mtu. Akaamuru mikeka ile iondolewe siku mama atakapotoka arubaini, na mahali pake zijengwe kuta za mawe na paa zito na ukumbi mpana ndani ya mlango, kwa gharama ya kasri, na mlango usiguswe. Mafundi walioachwa na Bwana Zahran ndio waliozijenga, kila mmoja akiwa amekwisha kusimamisha mlango wake. Bwana Zahran mwenyewe alikuja mwisho kuomba kazi ya chokaa. Mwavuli alikuwa ameuacha kiwanjani, na kuku wa kasri walikwisha kuutagia.

Tangu hapo Sultani alisikiliza mashauri ukumbini kwa Shamte, akiwa kivulini asubuhi hadi jioni. Lakini mlango ulikuwa mlango, na mwenyewe alikuwa Mwanakheri. Siku moja ya joto kali Sultani alikuja na wadai wake na wadaiwa wake, akapiga hodi kwa sauti ya kisultani.

"Nani?"

"Ni mimi, Sultani."

"Taratibu, Bwana wangu! Mtoto ndiyo kwanza amelala. Ngojeni hapo nje."

Basi Sultani wa Shungwi akakaa nje, kwenye ubao wa kivuli uliotupwa na mlango ule wa mninga. Na kivuli kilipohama, akainuka, akakokota kiti chake taratibu, asije akamwamsha mtoto. Nami nilipita pale nikamwona, nikaja kuwaambia.